Kiini Cheupe cha Kiangazi

Mwanangu, kuna wakati nilikosa usingizi kwa sababu ya rangi ya yai. Nilikuwa nimemaliza chuo, nimerudi nyumbani Geita, na kila nikilala jambo lilikuwa moja tu: je, mama yangu, yaani bibi yako, anawauzia watu mayai ya uongo? Sikuthubutu kumuuliza. Niligeukia upande huu, nikageukia upande ule, na kila upande nilikuta swali lilelile limeshafika kabla yangu.

Nakuita mwanangu ingawa sijazaa, na umri tuliopishana si mkubwa. Lakini mama yako Kabula ni dada yangu, tumbo moja, kwa hiyo mimi ni mama yako mdogo, upende usipende. Ameniambia kwamba tangu umalize masomo umejenga banda la kuku hapo kwenu Nyahanga, na kwamba sasa mvua zimekata unakaa unawatazama kuku kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali. Akasema, "Huyu amekufuata wewe, Holo." Nikacheka, halafu nikaona nikuandikie. Sijawa mzee wa kutoa nasaha. Ila katika mambo ya kuwaza kupita kiasi nimekutangulia mbali.

Siku yenyewe ninaikumbuka vizuri. Mama alifuga kuku wake nyuma ya nyumba yetu, mtaa wa Kalangalala, na mayai aliyauza zaidi kwa Mama Zaituni, mwanamke wa Kigoma mwenye kibanda cha chipsi karibu na njia wanayopita watu wanaotoka machimboni. Watu wale hawali yai lolote lile. Mtu ameshinda shimoni, ametoka na vumbi mpaka ndani ya masikio, anataka chipsi mayai ya kienyeji, na anataka aione rangi kabla hajaonja. Mama Zaituni alikuwa na kawaida ya kuwaambia wageni, "Kaa hapa, haya ni mayai ya Mama Kabula." Jina la mama lilikuwa tangazo pale. Mimi kazi yangu ilikuwa kuyapeleka tu.

Nikafika, nikasema, "Shikamoo, Mama Zaituni."

Hakuitikia. Alichukua yai moja kwenye trei niliyoleta, akalipasua kwenye bakuli, akanisogezea.

"Njoo uone mwenyewe."

Nikaona. Kiini kilikuwa kimepauka, kama maziwa yaliyodondokewa chai kidogo.

"Hili ni yai la kuku au la mjusi?"

Mchimbaji mmoja aliyekuwa akisubiri sahani yake alichungulia ndani ya bakuli. "Hilo lina upungufu wa damu, mama. Lipeleke likaongezewe."

Wenzake wakacheka. Na mimi nikacheka, maana nikiogopa huwa nacheka. Mama Zaituni peke yake ndiye ambaye hakucheka.

"Holo, mwambie mama yako mimi si mtoto mdogo. Hii si mara ya kwanza, nilikuwa nanyamaza tu. Kama kuku wake wamechoka, aseme kuku wamechoka. Asininunulie mayai ya kisasa dukani akaja kunichanganyia. Watu wangu hawa nawaambia kienyeji, kienyeji, kumbe nawadanganya kwa mdomo wa mama yako!"

Akanirudishia trei. Kabla jua halijazama, mama mwingine wa mgahawa aliyekuwa akichukua kwetu alituma ujumbe kwamba mayai anayo ya kutosha. Hakuwa nayo. Habari ilikuwa imeshamfikia.

Ungeniuliza kwa nini sikumtetea mama palepale. Ganda lisingetusaidia, kwa sababu kuku wetu walikuwa wamechanganyika na jogoo chotara, na mayai yalitoka ya kila rangi na kila ukubwa. Lakini sababu kubwa ni nyingine. Nikiwa njiani kurudi nilikumbuka kwamba juzi yake niliona jikoni kwetu, chini ya meza, trei nzima ya mayai ya kisasa yamefunikwa kwa kanga.

Basi kichwa changu kikaanza kazi. Mimi nilisomea mambo ya mipango, mwanangu, na hakuna mtu hatari kama aliyefundishwa kupanga halafu akakosa cha kupanga. Nilijiambia: kuku wametaga kidogo kiangazi hiki, mama ameona aibu kupeleka pungufu, akanunua. Nikajijibu: mama? Mama anayerudisha chenji ya mtu hata kama mwenyewe kasahau? Nikajiambia tena: shida hubadilisha watu. Kisha: labda ananunua kwa ajili yangu, maana nimerudi na cheti bila kazi na ninakula. Hapo ndipo pakauma. Nilimdanganya kwamba Mama Zaituni bado ana akiba, nikaendelea kumtazama akifagia banda, akiwaita kuku, akicheka na jirani, na kila alichofanya nilikipima kama ni cha mtu mwaminifu au la.

Kilichonitoa humo ni kuku mmoja mwekundu. Mchana mmoja alitoka kwenye kiota chake akipiga kelele kama wanavyofanya wakishataga, mtaa mzima ujue. Nilikuwa nimekaa karibu. Nikanyoosha mkono, nikalitoa yai likiwa bado la moto, nikaingia jikoni, nikalipasua kwenye kikombe.

Kiini kilikuwa cheupe.

Mwanangu, nilifurahi kama mtu aliyeokota dhahabu. Yai la kuku wetu, nililolitoa kiotani kwa mkono wangu mwenyewe, lilikuwa jeupe vilevile. Mama akaingia, akanikuta nimesimama na kikombe machozi yakinitoka.

"We Holo, yai zima umelipasua ulitazame? Umechanganyikiwa?"

Ndipo nikamwambia yote, bakuli la Mama Zaituni, maneno yake, na trei ya chini ya meza. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akavuta kigoda, akaketi.

"Yale ni ya kina mama wa jumuiya. Tunaoka keki ya ubatizo, mimi ndiye niliyepewa niyatunze." Akakitoa kikombe mkononi mwangu. "Kwa hiyo siku zote hizi unanipita hapa jikoni, unanitazama, na swali unalo mdomoni. Si ungeuliza tu, mwanangu? Mimi ningekujibu. Ningekasirika, lakini ningekujibu."

Hakupandisha sauti, na mpaka leo hilo ndilo karipio zito kuliko yote niliyowahi kupata nyumbani. Halafu akauliza lile nililopaswa kuuliza tangu mwanzo: "Sasa kwa nini ni meupe?"

Hapo kusoma kulinisaidia kidogo. Nilitafuta kwenye simu, na kesho yake nikamfuata mtaalamu wa mifugo wa kata, nikamweleza kuku wetu wanakula nini. Rangi ya kiini, mwanangu, kuku haitengenezi mwenyewe. Anaitoa kwenye kile anachokula, hasa majani mabichi. Mahindi yetu ni meupe, kwa hiyo na pumba yake haina rangi. Dagaa wanampa nguvu ya kutaga, lakini rangi hawampi. Wakati wa mvua hakuna anayehangaika na jambo hili, kwa sababu kuku akitoka bandani anajichumia nyasi na magugu siku nzima bila kumwomba mtu. Kiangazi ardhi inabaki kama sakafu. Na mwaka ule mama alikuwa amewafungia kabisa, baada ya jirani kulalamika kwamba wanaparua bustani yake. Wale kuku hawakuwa wagonjwa wala wa uongo. Walikuwa hawajaona jani tangu mvua zikate.

Mama si mtu wa kukaa na taarifa. Nilipokuwa bado nasoma ni majani gani yanafaa, yeye alichukua kiroba akatoka. Alirudi kimejaa mchicha wa porini, mbichi, mpana, unang'aa. Nilishangaa ameutoa wapi katika ukame ule.

"Kule bondeni, chini ya karasha," akasema. "Pamestawi kama Machi."

Karasha unazijua, zipo hata upande wenu, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu.

"Mama, tusiwape kwanza."

"Kwa nini?"

"Yale maji yanayotiririka kule yanatoka wapi?"

"Mayu wane, mama yangu mie! Holo, tangu umetoka chuo kila kitu kina sumu. Soda ina sumu, mfuko wa plastiki una sumu, leo mchicha nao una sumu. Wewe utakula nini?"

Zamani ningenyamaza, nikaenda kuwaza peke yangu chumbani. Siku hiyo nilishika kiroba kwa mikono miwili nikasema siwapi mpaka nimeuliza. Nikatoka nikamfuata Baba Juma, jirani yetu anayefanya kazi karasha ile ile. Nilimkuta anaosha pikipiki. Nilipomweleza, aliacha kitambaa kwenye ndoo.

"Kule bondeni ndiko maji ya marudio yanakoshukia," akasema. Marudio ni ule mchanga uliokwisha kuoshwa ukatolewa dhahabu. "Na dhahabu tunaikamata kwa zebaki, dada, unajua. Mimi nikiyakanyaga maji yale nanawa miguu kabla sijaingia ndani. Ninyi mnataka kuyala kwa njia ya yai?"

Nilirudi nikamwambia mama. Hakubisha. Alibeba kiroba mpaka nyuma ya choo, akachimba, akafukia mchicha wote, akapiga udongo kwa jembe. Kisha akasema bila kunitazama, "Leo wasiwasi wako umefanya kazi." Nililipenda neno lile kuliko cheti changu. Nilikuwa nimezoea kuambiwa niache wasiwasi, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba wasiwasi unaweza kutumwa kazi ukaenda.

Bado tulihitaji majani. Nikaingia stoo, nikafungua mfuko uliotoka kwa mama yake mama, Shinyanga vijijini. Ulikuwa na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, na chini yake nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa tunayokula kiangazi. Nikachukua gao moja, nikaloweka kwenye bakuli, nikaelekea bandani. Mama akanikuta mlangoni.

"Hiyo nini?"

"Nsansa."

"Ya nani?"

"Ya kuku."

Nilidhani atanipiga kwa mwiko. "Nsansa ya watu unampa kuku? Mama yangu mzee kainama shambani, kachuma, kaanika, kaifunga, kaipandisha kwenye basi, wewe unammwagia jogoo? Mimi nimekulia hiyo! Kuna miaka ndani kwetu hakukuwa na mboga nyingine!"

Nilitaka kumweleza habari za rangi na virutubisho, lakini niliona macho yake, nikaelewa kwamba hatuzungumzi habari za kuku tena. Nikarudisha bakuli jikoni. Tukaila nsansa ile mchana, na karanga, na ilikuwa tamu. Tulipomaliza, mama mwenyewe akaenda kwenye mfuko, akaumwaga wote kwenye ungo, akaanza kupepeta. Yaliyo mazima akayarudisha. Vikonyo, vumbi na vipande vilivyovunjika akavikusanya kwenye kopo.

"Hivi ni vya kuku," akasema. "Ukitaka zaidi, kuku wako walimiwe kunde zao."

Ndivyo tulivyoanza. Vile vipande tulivilowesha tukachanganya na pumba, kidogo kidogo, maana kuku aliyekaa muda mrefu bila majani ukimpa mengi ghafla ataharisha. Jirani mwenye ua wa mlonge aliturushia matawi; mlonge hauogopi kiangazi. Tuliyafunga mafungu, tukayaning'iniza ndani ya banda usawa wa shingo ya kuku, ayadonoe badala ya kuyakanyaga na kuyachafua. Na pale maji ya kuoshea mboga na kusuuzia vyombo yanapomwagwa, tukachomeka marando ya viazi na mbegu za kunde. Mama alisimamia hizo kunde kuliko mimi. Aliziita "shamba la jogoo", na kila mgeni alionyeshwa.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penyewe. Kiini hakibadiliki kesho yake. Yai la kesho limekwisha kuanza kutengenezwa ndani ya kuku siku nyingi kabla wewe hujaamka ukampa jani. Tuliendelea kupasua yai jeupe baada ya yai jeupe. Wakati huo jina la mama lilikuwa linachafuka. Kanisani mtu alimtania kuhusu mayai ya dukani, na mama alicheka naye, lakini alirudi nyumbani akafua nguo zilizokuwa safi.

Kila mtu aliyejua habari ile alitushauri tusubiri. Yakishakuwa ya njano, walisema, mpelekee Mama Zaituni trei moja, atanyamaza mwenyewe. Mama naye alikubali. Na mimi nikaliwaza jambo hilo kama ninavyowaza kila kitu, nikaligeuza na kuligeuza, lakini safari hii, kabla sijazama, nikajilazimisha kuuliza swali moja tu: Mama Zaituni atafikiri nini akiona kiini cha njano?

Jibu likaja lenyewe. Atafikiri tumeogopa. Atasema walipokamatwa wameacha kuchanganya. Yai zuri lingekuwa ushahidi dhidi yetu.

Asubuhi nikachukua mayai machache, nikamwambia mama ninaenda kwa Mama Zaituni.

"Yameshabadilika?"

"Bado."

"Utazomewa."

"Najua."

Alinitazama, kisha akanifutia ganda moja lililokuwa na uchafu, akalirudisha kwenye kikapu.

Nilifika kibandani wakati watu wamejaa. Nikaamkia. Safari hii Mama Zaituni aliitikia marahaba, ingawa kwa shingo upande. Nikaomba bakuli, nikapasua yai mwenyewe mbele ya wote.

"Bado ni lilelile," akasema.

"Ndiyo. Ni jeupe, na ni la kwetu. Kuku wetu hawajala majani tangu mvua zikate, walikuwa wamefungiwa. Sasa tumeanza kuwapa."

"Sasa kama unajua ni jeupe, kwa nini umeniletea? Si ungesubiri yawe mazuri?"

"Ningesubiri, ungesema tumeacha kukuchanganyia. Nataka uyaone yakibadilika, mama. Kila nikija, pasua moja. Ukiona rangi inapanda polepole, ujue ni kuku wale wale. Ya dukani hayapandi rangi polepole. Na usiponiamini, nyumbani unapajua. Njoo uwaone wanavyogombania mlonge."

Mchimbaji mmoja aliyekuwa anatafuna akasema, "Mama, tapeli gani anakuja kujishtaki na yai mkononi?"

"Wewe kula, nani kakuuliza?" Mama Zaituni akamjibu. Lakini alikuwa anatazama bakuli. Kisha akakivuta kikapu changu upande wake wa meza.

"Haya siyauzi, nitakula na wanangu. Kesho kutwa ulete mengine, nitapasua mbele ya hawa hawa. Na rangi ikipanda kama unavyosema, usije wewe. Aje mama yako. Nilimsema mbele za watu, nitamsafisha mbele za watu."

Niliondoka pale, nikatembea mpaka nyumbani. Nilitumwa kazi na wasiwasi wangu, nikaifanya, na yaliyobaki yalikuwa kazi ya kuku.

Basi, mwanangu, nakushauri hivi. Wape kuku wako majani sasa, usisubiri mteja akurudishie trei. Chuma unapojua maji yake yanatoka wapi. Kijani kinachong'aa katikati ya ukame kiulize kwanza. Majani ya mihogo usiwape mabichi, na chochote chenye ukungu kitupe bila huruma. Wakati wa mvua, kunde zikiwa nyingi, anika za watu na uanike za kuku, kivulini, kila moja kwenye mfuko wake, ili pasiwe na ugomvi jikoni. Pumba na dagaa usiache.

Kuhusu kichwa chako, sitakuambia uache kuwaza. Nimeambiwa hivyo maisha yangu yote na haijasaidia. Wazo likikujia mara ya kwanza, lisikilize. Likirudi, lipe kazi: liende likamuulize mtu, au likapasue yai. Unayempenda ukimtilia shaka, muulize mapema, kabla hujaanza kumtazama kama mgeni. Na ukiwa na ukweli usiopendeza, upeleke mwenyewe ukiwa bado haupendezi.

Mungu abariki banda lako na mikono yako. Akuepushie ugonjwa wa kideri na mwewe, akupe majirani wenye ua wa mlonge, na kila anayenunua kwako alitaje jina lako mbele za watu bila kusita. Nisalimie mama yako. Amina.